KILO ZETU NA LUGHA YA MASHINE



Wako watakaoshangaa kuona karatasi ya chama cha wafanya kazi ikisema habari za kujifunza kuandika programu za kompyuta. Watasema hayo ni mambo ya vijana wa mjini, nasi tuna mambo ya mshahara, nyumba na dawa. Twawaomba wasome kwanza, kwa maana habari hii ilianza kwa mshahara.

Miezi michache iliyopita mama mmoja mchumaji alifika katika ofisi ya tawi akiwa na daftari la shule. Alikuwa ameandika humo kilo zake za mwezi mzima, kila mara alipopima, kama zilivyoonekana katika kioo cha mizani. Hati yake ya mshahara ilikuwa pungufu kwa kilo zaidi ya thelathini. Alikwenda kwa karani wa mizani, akajibiwa, "Mama, ndivyo kompyuta isemavyo." Alikwenda kwa msimamizi, akajibiwa maneno yale yale. Shamba hilo hatulitaji, kwa sababu shauri lingali mezani.

Sisi wa kamati tulimshuku karani. Karani ni mtu, ana uso na ana jina, na ni rahisi kumkasirikia. Jioni ile tulipiga hesabu kwa kalamu tusione mapunjo yalipoingilia. Siku moja ilipungua nusu kilo, siku nyingine kilo moja na zaidi, na siku moja ilipungua kilo mbili na sehemu tatu za kumi. Kama karani angalikuwa mwizi, basi alikuwa mwizi asiye na mpango wowote.

Aliyetutoa gizani ni binti wa mama yule, mwanafunzi wa sekondari, ambaye hujifundisha lugha ya kompyuta iitwayo Python kwa simu ya kaka yake. Aliomba daftari, akaandika mistari mitano, akatia tarakimu za siku moja, kisha za siku ya pili, mpaka mwisho wa mwezi. Siku zote 26 zililingana na hati ya mshahara, kilo kwa kilo. Karani hakuwa ameiba kitu. Tulimwomba radhi, naye alikubali, ingawa hakufurahi.

Mistari yenyewe ni hii, pamoja na tarakimu za ile siku mbaya:

mizani = [14.8, 17.6, 12.9]
jumla = 0
for kilo in mizani:
    jumla = jumla + int(kilo)
print(jumla)

Msitishike, ndugu. Mstari wa kwanza ni orodha: mama alipima mara tatu, na tarakimu tatu zimewekwa katika mabano zikapewa jina mizani. Mstari wa pili unatoa debe tupu na kuliita jumla. Wa tatu ni mstari wa watu kwenye mizani: neno for laiambia kompyuta iite kila kilo iliyo katika orodha, moja baada ya nyingine, mpaka foleni iishe. Mstari wa nne umesogezwa ndani nafasi nne, kuonyesha ya kuwa ndiyo kazi inayofanywa kwa kila anayeitwa. Ukiuandika bila kuusogeza, Python yakataa kufanya kazi. Mstari wa mwisho waonyesha jibu kwenye kioo.

Neno tulilokuwa tukilitafuta usiku ule lilikuwa int. Kazi yake ni kukata kilicho nyuma ya nukta. Haliangalii kama ni sehemu moja ya kumi au ni tisa, 12.9 inakuwa 12. Basi 14.8 ikawa 14, 17.6 ikawa 17, 12.9 ikawa 12, na jumla ikawa 43. Mama alichuma kilo 45.3.

Sasa tazameni. Binti aliondoa int katika mstari wa nne, akaliweka katika mstari wa mwisho, yaani kompyuta ijumlishe kwanza, ikate jioni mara moja. Jibu likawa 45. Lingehamishwa mpaka mwisho wa mwezi, mama asingepoteza hata kilo moja nzima katika siku zote 26. Neno ni lile lile, mizani ni ile ile, majani ni yale yale. Kilichobadilika ni mahali neno lilipowekwa, na mahali hapo palichaguliwa na mtu ambaye hajapata kusimama na mfuko mgongoni kule Mogogosiek wala Kapkatet.

Tulipolipeleka jambo hili kwa wakubwa hatukuletewa ubishi. Tuliambiwa ya kuwa mtambo ulipangwa hivyo tangu ulipowekwa, na ya kuwa hapana ajuaye ni nani aliyeamuru. Jibu hilo twalisadiki, na ndilo linalotutia wasiwasi kuliko uongo. Kanuni ya mshahara wa watu ilitungwa, wala hapana aliyeitunga!

Hili si jambo geni katika nchi hii ya chai. Wazee wetu, tangu miaka ya 1920, walilazimishwa kuvaa kipande shingoni katika kijaluba cha chuma, mpaka sheria ile ilipobadilishwa mwaka 1947. Ndani yake ziliandikwa alama za vidole vyao, jina la bwana, siku za kazi na mshahara. Aliyekivaa mara nyingi hakuweza kukisoma. Bwana aliweza kuandika neno, na mtu akaenda nalo shingoni kutoka shamba hadi shamba asijue lasemaje. Watu walipojifunza kusoma katika madarasa ya jioni hawakuwa wote makarani, lakini haikuwa rahisi tena kuwaandikia lolote.

Kwa hiyo twasema kujifunza mambo ya mwanzo ya programu ni kazi ya chama kama vile kujifunza kusoma hati ya mshahara. Hatusemi kila mwanachama awe fundi. Twasema kila tawi liwe na watu watatu au wanne wawezao kusoma mistari kumi na kuuliza: hapa mnakata wapi? Uzito wa mfuko unatolewa mara moja au kila mara ya kupima? Neno if, ambalo maana yake ni "kama", linasimamia sharti gani, na else, yaani "la sivyo", linampeleka wapi mtu ambaye sharti halikumfaa? Ukiyajua hayo, pamoja na orodha, debe lenye jina na kurudia kazi kwa foleni, umekwisha kushika sehemu kubwa ya yale ambayo anayeanza huhitaji kwa hesabu za namna hii.

Lugha ya Python haikufanywa kuwa ngumu. Aliitunga Mholanzi, Guido van Rossum, akaitoa kwa watu mwaka 1991, na haiuzwi. Jina lake watu wengi hudhani ni la chatu. Kumbe alilitoa katika mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Uingereza. Maneno yake yenyewe ambayo huruhusiwi kuyatumia kwa kitu kingine hayafiki arobaini, ni 35. Majina mengine wajitungia mwenyewe. Binti yule aliandika kilo, mizani na jumla, na kompyuta haikuuliza ni Kiswahili au la. Angeandika kwa Kikipsigis au Kikisii ingefanya vile vile.

Wanaoanza huogopa sana makosa. Kioo hujaa maneno, nao hudhani wameharibu simu ya watu. Hawakuharibu. Soma kwanza mstari wa chini kabisa, hapo ndipo kosa linapotajwa. Juu yake kidogo utaona namba ya mstari uliokosea. Mara nyingi ni mabano yasiyofungwa, au nukta mbili zilizosahauliwa baada ya for.

Tena tusiiabudu kompyuta. Iambieni Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itajibu 0.30000000000000004. Si wazimu, ndani yake huhesabu kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na sehemu moja ya kumi haikai humo sawasawa. Kosa hilo ni dogo mno, halitamnyima mtu majani. Lakini afadhali kila mtu alione mara moja kwa macho yake, ili siku akiambiwa "ndivyo kompyuta isemavyo" awe na la kujibu.

Kuna maneno mengine tunayoyasikia, nayo hatuyakubali. Wengine husema vijana wajifunze kompyuta, na kazi zilizochukuliwa na mashine za kuchumia zitakuwa zimelipwa. Mwaka 2023 mjumbe wa kamati ya kaunti ya Kericho alisema kazi 30,000 zimepotea kwa mashine katika miaka kumi, na mwezi wa Mei mwaka huo huo mashine zilichomwa moto mashambani. Mistari mitano ya Python haitamrudishia kazi mama wa miaka 50 aliyeachishwa. Asemaye hivyo anataka tunyamaze juu ya mashine, nasi hatutanyamaza. Hayo ni mashauri mawili, na yote mawili ni yetu.

Watoto wetu wamekwisha kutangulia. Mwaka 2022 taasisi ya serikali ya kutunga mitaala, KICD, iliidhinisha somo la kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari. Shule nyingi za huku kwetu hazina vyombo wala walimu wa kutosha, lakini mtoto mwenye simu nzuri na mtu wa kumwonyesha aweza kuanza. Baba au mama mwenye daftari la kilo na mtoto mwenye simu wakae meza moja. Mtoto ajua neno for. Mzazi ndiye ajuaye kwamba mfuko ulipimwa mara tatu na mvua ilinyesha mara ya pili.

Kina mama tunawataja mbele. Katika kuendesha mashine za kuchumia, wanaume ndio walioitwa zaidi. Darasa hili lisiende njia hiyo. Lisiwekwe saa ambayo kina mama wanapika na kuteka maji, kisha tukasema hawakutaka kuja.

Sheria nayo yatusaidia kidogo. Sheria ya Ajira ya 2007 yataka hati ya mshahara inayoonyesha makato, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yampa mtu haki ya kuona habari zake zilizowekwa na mwingine. Mkaguzi wa vipimo huja na mawe yake kuona kama mizani inapima sawa. Jiwe lake haliwezi kuonyesha kilo ikishatoka kwenye mizani inakatwa namna gani. Hapo ndipo penye pengo, na lazibwa kwa maneno machache katika mapatano ya pamoja: kwamba kanuni ya kuhesabu kilo iandikwe na kubandikwa ukutani penye mizani, na kwamba isibadilishwe pasipo kukiarifu chama. Mapatano yajayo hayana budi kuwa na maneno hayo, na wajumbe wetu wakirudi bila hayo tutawauliza sababu.

Wakati huo huo kila mchumaji aandike kilo zake, kila apimapo, pamoja na nukta na kilicho nyuma yake. Tumeona madaftari mengine yameandikwa "kilo 14" kwa sababu mwenyewe aliona haya kuandika 14.8. Aandike 14.8. Darasa la kwanza la tawi litafanywa Jumapili baada ya siku ya mshahara, saa nane mchana. Njooni na daftari na hati ya mshahara; mwenye simu aje nayo ikiwa imejaa moto, kwa maana katika ofisi pana tundu moja tu la umeme.