Mchochezi ni nani?

Neno "mchochezi" tunalitupa ovyo. Mama mkimbizi akiuliza musaada umefika wapi, anaitwa mchochezi. Kijana akilalamika juu ya maji na umeme, naye vilevile. Lakini kuchochea ni kusukuma kuni ndani ya moto ili uwake zaidi. Anayepiga kelele kwamba nyumba inaungua hachochei kitu.

Uchochezi wenyewe jimbo letu linaujua. Mwaka 1992 na 1993, wakati lilipoitwa Shaba, Wakasai waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Neno lilitangulia, fimbo na moto vikafuata. Familia nyingi zililala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni, na watoto wengine walifia palepale.

Basi tupime hivi: anayesema anataja shida, ao anataja kabila? Akitaja shida, tumujibu. Akitaja kabila ili jirani afukuzwe, huyo ndiye mchochezi, hata akiwa mukubwa, hata akiwa wa kwetu. Na waliokimbia Pweto, Mitwaba ao Manono wakidai haki yao, tusiwafunge kinywa kwa neno hilo.