Mita ni mizani: tuwafundishe wanaoishika

Katika miji yetu ya mashariki, mazungumzo juu ya umeme yalikuwa yanaanza na delestaji na kuishia na delestaji. Siku hizi kuna lalamiko jipya: kile kisanduku cha Cash Power ukutani. Mama ananunua yuniti kwa simu, anapika siku mbili, kisha nyumba inakuwa giza. Anasema: “Hii mashine inatuibia.” Fundi anafika, anaangalia namba, anabonyeza, anaondoka. Hakueleza kitu. Pengine naye hakuelezwa. Ni juu ya huyo fundi tunataka kusema leo.

Tangu sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilipofungua sekta ya umeme katika nchi yetu, SNEL haiko peke yake tena. Kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilizinduliwa mwaka 2015. Mwaka 2020 Goma ikapata mtandao wa sola wa megawati 1,3 wa kampuni ya Nuru. Upande wa Bukavu bado tunategemea Ruzizi I na Ruzizi II, na umeme wa hiyo ya pili tunagawana na Rwanda na Burundi.

Pamoja na mitambo hiyo, unaingia pole pole mtandao wa umeme wenye akili. Maana yake si ngumu. Zamani waya ulipeleka umeme tu. Sasa habari pia zinarudi. Mita inatuma kwenye kompyuta, kwa njia ya simu, kipimo cha umeme uliotumika. Vifaa vingine kwenye kabini vinaonyesha mahali palipoharibika au palipozidiwa mzigo. Mtu aliye ofisini anaweza kukata nyumba moja bila kugusa jirani. Umeme ukipungua, anaweza pia kuacha hospitali na pampu ya maji ziendelee, badala ya kuzima kartie nzima.

Mwisho wa Januari 2025, vita vilipofika Goma, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na watu wakachota maji ya Ziwa Kivu. Hakuna mashine inayozuia vita. Lakini mhandisi aliyefundishwa vizuri anajua kutenga sehemu iliyovunjika na kurudisha maji kwanza. Asiyefundishwa anangoja simu kutoka mbali.

Mafundi wetu wengi walijifunza kupanda nguzo na kuunga nyaya. Ni kazi ya heshima, na bado tunaihitaji. Sasa inatakiwa waongezewe mengine: kusoma habari zinazotoka kwenye mita, kulinda mfumo usiingiliwe na wezi, kutunza siri za wateja, na kumweleza mama wa nyumba, kwa Kiswahili chepesi, yuniti zake zimekwenda wapi.

Tena kuna jambo la dhamiri. Nabii Amosi aliwakemea wafanya biashara waliopunguza kipimo na kuharibu mizani. Mita ni mizani ya siku zetu. Anayeishika kutoka ofisini anaweza kumpendelea mkubwa na kumkatia mjane, na hakuna atakayemwona. Kwa hiyo mafunzo ya vidole bila mafunzo ya haki hayatoshi.

Mahali pa kufundishia hatukukosa. INPP ipo tangu 1964. ULPGL, chuo kikuu cha makanisa yetu huko Goma, kinafundisha uhandisi wa umeme. Shule zetu za ufundi zipo pia. Kinachohitajika ni kampuni kufungua milango, ili walimu na wanafunzi waone vifaa vyenyewe, na mafundi wa zamani warudi darasani bila kuaibishwa.

Sisi waamini tunaweza kuanza na maswali matatu, kila kampuni inapokuja kuweka mita katika kartie: Nani amefundishwa kuitengeneza hapa hapa? Umeme ukipungua, nani anakatwa mwisho? Mteja akilalamika, nani atamjibu?

Maswali hayo si uasi. Ni kazi ya watu wanaotaka mizani iwe sawa.