Nyuki wanahama: andaa mzinga, waandae na watoto

Wazazi wenzangu, msimu ndio huu. Katika mikoa yenye misitu ya miombo, kama Tabora, Katavi na Kigoma, miti mingi huchanua kabla hata mvua hazijaanza, kati ya Septemba na Novemba. Maua yakiongezeka, makundi ya nyuki hukua, hugawanyika na kutafuta makazi mapya. Makazi hayo yatakuwa mzinga wako au dari ya nyumba yako.

Nasema na wazazi wote wawili, kwa sababu katika nyumba nyingi mzinga huhesabiwa kuwa kazi ya baba, ilhali wanaoshinda nyumbani ni mama na watoto. Wao ndio watakaowaona nyuki kwanza.

Mzinga ukijaa, malkia mzee huondoka na karibu nusu ya nyuki, akimwachia mzinga malkia mpya. Kundi lililotoka hutua kwenye tawi kwa saa chache, pengine siku moja au mbili, huku baadhi ya nyuki wakitafuta pa kuhamia. Nyuki hao kwa kawaida huwa wapole, kwani wameshiba asali na hawana masega ya kulinda. Balaa huanza pale mtoto anaporusha jiwe.

Kwa hiyo andaa mzinga mapema. Toa masega ya zamani yaliyoshambuliwa na nondo wa nta, fukuza buibui na mijusi, ziba nyufa na hakikisha mfuniko hauvuji. Yeyusha nta kidogo uipake kwenye vibao vya juu, maana harufu yake huwavuta nyuki. Ning'iniza mzinga kwa waya uliopakwa grisi ili siafu na sisimizi wasipite, na usawa wake uwe wa kifuani. Hapo hata mama anaufikia bila kupanda mti. Fyeka nyasi chini yake, kwani zikikauka hualika moto.

Usisahau maji. Wakati wa kiangazi nyuki wenye kiu hufuata ndoo na karai la vyombo, na hapo ndipo watoto huumwa. Weka beseni la maji lenye mawe karibu na mizinga ili nyuki wapate pa kutua, na ulijaze kila siku. Wakizoea hapo, mara nyingi huacha kuja jikoni.

Ukikaa na wafugaji wetu wiki hizi, utasikia mambo matatu. La kwanza ni mavazi ya kurinia asali. Ni ghali, hivyo wanakikundi huchanga wakanunua machache na kuazimana kwa zamu. La pili ni dawa za mashambani. Anayepulizia alizeti au pamba mchana huua nyuki wa jirani, na alizeti hiyo hiyo inahitaji nyuki ili ijaze mbegu. Zungumza na jirani kabla ya msimu, apulizie jioni nyuki wakisharudi. La tatu ni asali mbichi. Sega ambalo nyuki hawajalifunika kwa nta lina maji mengi, na asali yake huchacha. Mnunuzi akiipata mara moja hukikwepa kikundi kizima, na ada ya shule iliyokuwa ikitegemewa hapo huyeyuka.

Sasa watoto. Wafundishe wakiona kundi wasilipigie kelele wala kulirushia kitu, bali warudi taratibu wakamwite mtu mzima. Nyuki wakishambulia, mtoto afunike uso, akimbie bila kupunga mikono, aingie ndani na kufunga mlango. Asirukie majini, kwani nyuki humsubiri aibuke. Mbuzi nao wasifungwe karibu na mizinga. Mtu hukimbia, lakini mnyama aliye kwenye kamba hafiki mbali.

Mtoto akiumwa, kwangua mwiba kwa ukucha haraka, kwa sababu huendelea kusukuma sumu na harufu yake huwaita nyuki wengine. Uvimbe mdogo mahali alipoumwa ni wa kawaida. Lakini midomo au ulimi ukivimba, akipumua kwa shida, akipata vipele mwili mzima au akizimia, usingoje dawa ya kienyeji. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Fanya hivyo pia akiumwa na nyuki wengi, hata akionekana mzima.

Nyuki wakishaingia darini, usiwashe moto wala kuwapulizia dawa ya mbu. Ondoa watoto, kisha mtafute afisa nyuki wa wilaya au mfugaji mzoefu aje jioni na bomba la moshi. Wakishambulia watu, piga 114 kuwaita Zimamoto na Uokoaji.

Na asali ya kwanza ikifika nyumbani, kichanga wa chini ya miezi 12 asionjeshwe, hata kwa ncha ya kidole. Asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvimudu, lakini kwa mtoto mchanga huzalisha sumu inayolegeza misuli hadi kupumua kukawa shida. Kuichemsha nyumbani hakuviui.

Jumamosi hii tembeleeni mizinga pamoja, watoto wakiwa mbali kidogo, na mwonyeshane mahali salama pa kusimama. Tukutane wiki ijayo.