Kila Mbatizwa Ana Wito Wake



Juma hili nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo twalisikia sana kanisani, lakini pengine hatulielewi sawasawa. Neno lenyewe ni "wito". Nenda kigango chochote, toka Mkata mpaka Mombo, uulize: "Nani hapa ana wito?" Watu watakuonyesha padre, au sista wa zahanati, au kijana aliye seminari. Hakuna atakayekuonyesha mama anayepalilia mahindi, wala fundi wa baiskeli aliye chini ya mwembe. Hao, watakuambia, ni waumini tu.

Neno hilo "tu" ndilo linalotudanganya.

Mzee mmoja wa upande wa Handeni alifika ofisini kwetu kuulizia cheti cha ubatizo cha mwanawe. Kijana huyo alikuwa amerudi nyumbani baada ya miaka mitatu ya seminari. Hakufukuzwa kwa kosa lolote. Yeye na walezi wake walishauriana, wakaona njia ile si yake. Lakini baba mtu alisema kwa uchungu kwamba mwanawe amepoteza wito, na kwamba majirani wamcheka kisimani na gengeni. Nilimwona mzee yule ana huzuni kama mtu aliyefiwa.

Basi, ninyi mlio na huzuni ya namna hiyo nyumbani, sikilizeni. Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika vitabu, na kitabu cha ubatizo chenyewe hufundisha jambo hili vizuri kuliko maneno yangu.

Katika kitabu hicho kila mtu ana mstari wake. Huandikwa jina lake, siku aliyozaliwa, majina ya baba na mama, jina la msimamizi, siku aliyobatizwa na padre aliyembatiza. Kisha pembeni huachwa nafasi. Sheria ya Kanisa yaamuru kwamba katika nafasi hiyo yaandikwe mambo makubwa yatakayompata mtu huyo baadaye: kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za daima za utawa. Mtoto aliyebatizwa Korogwe akifunga ndoa Dar es Salaam, padre wa huko hana budi kutuletea habari, nasi twaiandika kando ya ubatizo wake. Akipewa upadre Tanga mjini, habari itakuja vilevile, nayo itaandikwa mahali palepale.

Waonaje, msomaji? Kanisa halina kitabu kimoja cha wenye wito na kingine cha wasio na wito. Ndoa na upadre huandikwa katika nafasi moja, na yote mawili hutegemea mstari mmoja wa ubatizo. Ubatizo ndio shina, na hayo mengine ni matawi. Hata yule ambaye nafasi yake imebaki nyeupe, hakuoa wala hakuwa mtawa, mstari wa ubatizo anao. Mungu amekwisha kumwita kwa jina.

Haya si maoni ya karani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1964, uliweka sura nzima, sura ya tano, kufundisha kwamba Wakristu wote, wa hali zote, wameitwa kuwa watakatifu. Tena hati hiyohiyo yafundisha kwamba kazi ya walei hasa ni kuyatengeneza mambo ya dunia hii yafuate mapenzi ya Mungu: shamba, soko, ofisi, shule, nyumba. Padre hawezi kuwa sokoni kila siku kuangalia mizani. Wewe unaweza, maana uko pale.

Labda utasema: "Hayo ni maneno mazuri, lakini nionyeshe mtu." Haya, nitakuonyesha.

Katika mji wa Goma, mashariki ya Kongo, ambako watu husema Kiswahili kama sisi, alizaliwa mwaka 1981 kijana aitwaye Floribert Bwana Chui. Hakuwa padre, wala katekista, wala mtawa. Alisoma sheria. Alikuwa mwanachama wa jumuiya ya walei iitwayo Sant'Egidio, na pamoja na wenzake alikuwa akiwasaidia watoto wa mitaani wapate kusoma. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Kazi yake ilikuwa kuangalia kama chakula kinachopita mpakani kinafaa kuliwa na watu.

Mwaka 2007 uliletwa mchele uliokwisha kuharibika. Wenye mali walitaka upite, wakampa fedha akakataa. Wakubwa nao wakamsonga, akakataa. Alimweleza rafiki yake mmoja, sista aliye daktari, kwamba hawezi kupokea fedha zile na bado akasema anaishi kwa ajili ya Kristu. Mchele ule haukuuzwa. Mwezi wa Julai mwaka uleule alitekwa, akateswa, akauawa. Umri wake ulikuwa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri na shahidi.

Sasa angalia vizuri. Bwana Chui hakuacha kazi yake ili akamtafute Mungu mahali pengine. Mungu alikuwa akimwita palepale penye magunia. Kama angesema, "Mimi ni mwajiriwa tu, dini ni ya Jumapili," watu wa Goma wangalikula uchafu ule, na watoto wao wangalikuwa wa kwanza kuugua. Wito wake ulikuwa na uzito wa mchele.

Je, sisi wa Handeni na Korogwe, jambo hilo liko mbali nasi? Haliko mbali hata kidogo. Handeni ni nchi ya mahindi. Mahindi yakivunwa yakiwa mabichi, au yakianikwa juu ya udongo mtupu na kuwekwa ghalani bila kukauka, huota ukungu, na ukungu huo huweza kuleta sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, nayo huharibu ini. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi mkulima anaposimama mbele ya gunia lenye punje zilizooza, akajua kwamba mnunuzi hataona mpaka afike mbali, hapo ndipo wito wake ulipo. Anikapo mahindi juu ya turubai, achambuapo punje mbovu na kuzitupa, asichanganye mbovu na nzima ili kuongeza uzito, anafanya kazi ya Mungu kama vile mhudumu anayeshika chetezo altareni. Na akichanganya, basi hata akiimba kwaya kwa sauti tamu namna gani, mtu fulani asiyemjua atakula dhambi yake.

Huko Korogwe nako wazee wetu walijua kazi ngumu. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Watu waliletwa kutoka mbali kukata mkonge, wakaitwa manamba. Miongoni mwao walikuwamo waliokwisha kubatizwa makwao. Mtu wa namna hiyo, akiwa kambini mbali na ndugu zake, akasali rozari yake jioni, akamfundisha jirani ishara ya msalaba, akakataa kuiba mshahara wa mwenzake, alikuwa na wito gani? Hakuna aliyempa cheo. Lakini imani hupandwa na watu kama hao kabla mapadre hawajaja kuivuna.

Sasa huenda msomaji akauliza: "Nitajuaje Mungu ananiitia nini mimi?" Nitatoa maswali matatu, kama mwalimu atoavyo darasani.

La kwanza: Ni wajibu gani ulio tayari mikononi mwangu? Mungu hakuiti kwenye kazi mpya ili uikimbie ile aliyokwisha kukupa. Mwanamume akisema ameona ndoto ya kwenda kuhubiri mijini, huku mke na watoto wanalala njaa Kwamsisi, ndoto hiyo si ya Mungu. Vivyo hivyo, mtu akikuambia kwamba atakufunulia kusudi la Mungu maishani mwako ukimletea fedha kwanza, jua huyo ni mfanyabiashara. Mungu hauzi wito.

La pili: Nimepewa nini, na nani aliye karibu nami anakihitaji? Mmoja amepewa subira ya kukaa na wagonjwa. Mwingine amepewa mikono ya kutengeneza. Mwingine ana sauti, au hesabu, au shamba lenye maji. Tazama kipaji chako, kisha tazama mlango wa jirani. Mara nyingi wito hupatikana katikati ya hivyo viwili. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Anayengoja wito mkubwa wa ajabu huacha ule uliolala miguuni pake.

La tatu: Watu wema wanaonijua wanasemaje, na moyo wangu watulia au wafadhaika nikiomba? Usijiamulie peke yako kwa haraka. Sali, shauriana na padre wako, na mzazi mwenye busara, na jumuiya yako ndogo ndogo. Ngoja, jaribu. Ndiyo maana seminari ina miaka mingi. Seminari ni nyumba ya kupimia wito, si ghala la kuhifadhia mapadre. Anayeingia akapimwa, akaona njia yake ni nyingine, hakushindwa mtihani. Amepata jibu aliloenda kulitafuta, tena amerudi na elimu na sala ambazo kijiji kinazihitaji. Badala ya kumcheka, mpeni darasa la katekisimu afundishe.

Na ninyi wazazi, nawasihi. Ombeni sana Mungu awaite watoto wenu katika upadre na utawa, kwani Jimbo letu la Tanga lahitaji watenda kazi, na jamaa isiyosali kwa ajili hiyo yalikosesha Kanisa. Lakini kuomba ni kitu kimoja, na kusukuma ni kingine. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema wazi kwamba kila muumini ana haki ya kuchagua hali yake ya maisha bila kulazimishwa. Hakuna ruhusa ya kumtia kijana seminari kwa nguvu ili baba apate sifa. Wala hakuna ruhusa ya kumtia binti katika ndoa kwa nguvu ili nyumba ipate mahari. Ndoa ya kulazimishwa si ndoa mbele ya Kanisa. Mtoto ni wa Mungu kabla hajawa wako.

Tena wito waweza kugeuka njia mtu akiwa safarini. Julius Nyerere alibatizwa mwaka 1943, akawa mwalimu, akafundisha Tabora na baadaye Pugu katika shule ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1954 akawa rais wa TANU, na mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu, akashika kazi ya kuutafuta uhuru wa nchi. Je, aliupoteza wito wake wa kwanza? Hata sasa twamwita Mwalimu. Aliendelea kwenda Misa akiwa kiongozi wa nchi, na mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua kesi ya kuchunguza utakatifu wake, naye aitwa Mtumishi wa Mungu. Alibadili darasa tu. Aliyemwita alikuwa ni yuleyule.

Kwa hiyo nilimwambia mzee yule wa Handeni maneno machache, na nawaambia ninyi nyote. Nilifungua kitabu, nikamwonyesha mstari wa mwanawe. Nafasi ya pembeni ilikuwa nyeupe, na mstari wa ubatizo haukufutwa. Hakuna wino wa kuufuta. Nikamwandikia cheti chake. Hakusema mengi, ila aliuliza kama kijana aweza kuja kusaidia vijana wa kipaimara. Nikamjibu kwamba katekista wetu angefurahi sana.

Juma hili, msomaji, fanya jambo moja. Jioni, baada ya chakula, kaeni pamoja nyumbani, baba, mama, bibi na watoto. Kila mmoja aseme siku aliyobatizwa. Asiyeijua na aje ofisini kwa karani wake, aiulize. Kisha kila mmoja aseme kazi moja ambayo Mungu amemwekea mkononi sasa hivi, hata kama ni kuchota maji. Salini Baba Yetu, mkalale. Asubuhi mwamke mkaifanye kazi hiyo vizuri.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.

Karani wenu wa parokia