Vyumba vitajaa 2027, milango ya dharura iko wapi?

Wenye mahoteli wa Arusha, Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Kampala wana kila sababu ya kuchekelea. Tangu Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilipozipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa pamoja wa Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, bidhaa inayoitwa chumba cha kulala imejihakikishia soko. Timu 24, viongozi, waandishi wa habari na mashabiki hawawezi kulala barabarani. Wanunuzi wakizidi vyumba, bei hupanda, na hilo halihitaji mtaalamu wa uchumi kulieleza.

Linalohitaji kuelezwa ni kile kinachouzwa pamoja na chumba. Mgeni anayelipia usiku mmoja hununua kitanda, maji ya kuoga na ahadi kwamba ataamka salama. Ahadi hiyo haiandikwi kwenye stakabadhi, lakini ikivunjika hakuna kingine kinachobaki na thamani. Hata hivyo, ni kawaida ya biashara hii kwamba sherehe ikikaribia, fedha huenda kwanza kwenye rangi, mapazia na runinga mpya, na usalama husubiri faida.

Mahoteli makubwa si tatizo la kwanza. Hayo yatachukuliwa na timu na wakubwa, na askari watakuwa mlangoni usiku na mchana. Shabiki wa kawaida ataishia kwenye gesti ya ghorofa tatu yenye ngazi moja, au kwenye kambi ya mahema nje ya mji. Huko ndiko mkaguzi huchelewa kufika, na ndiko watu wengi watakakolala.

Kampala inalijua somo hili kwa machungu. Julai 11, 2010, fainali ya Kombe la Dunia ilipokuwa ikichezwa Johannesburg, mabomu yalilipuka katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mgahawa mmoja wa Kabalagala, na zaidi ya watu 70 waliuawa. Uwanja wa fainali ulilindwa vizuri. Walioshambuliwa walikuwa watu waliokaa mbali nao, wakitazama mpira kwenye runinga. Gesti yoyote itakayoweka runinga kubwa uani mwaka 2027 itakuwa imefungua uwanja mdogo, na haina budi kuwa na mlinzi anayekagua mizigo getini.

Bomu si hatari pekee. Januari 21, 2025, hoteli moja ya Kartalkaya, Uturuki, iliungua usiku ikiwa imejaa familia zilizokuwa likizo, na watu 78 walikufa. Manusura walisema hawakusikia king'ora. Baadhi ya wageni walifunga mashuka wakajaribu kushukia madirishani. Katika gesti nyingi za miji yetu hata shuka lisingefaa kitu, kwa kuwa madirisha yana nondo zilizochomelewa. Nondo humzuia mwizi kuingia, lakini siku ya moto humfungia mgeni ndani.

Kwenye makambi hali ni tofauti lakini si nyepesi. Machi 1999 waasi wenye silaha walivamia makambi ya Bwindi, Uganda, wakaua watalii wanane na ofisa mmoja wa hifadhi. Mei 2024 mto Talek ulifurika Maasai Mara na wageni wakaokolewa kwa helikopta, kwa sababu makambi yalijengwa pale penye mandhari nzuri, yaani ukingoni mwa maji. Katika kambi ya Simba, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, baridi ya Juni na Julai ni kali, na mtu asiyeonywa anaweza kuingiza jiko la mkaa hemani. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Huua mtu akiwa usingizini.

Wamiliki wadogo watasema hawana fedha. Hoja hiyo ni ya kweli nusu tu. Kufunga bawaba na komeo la ndani kwenye nondo, kununua mitungi ya kuzimia moto, kutenga nafasi kati ya hema na hema, kuhamisha mitungi ya gesi nje ya jiko, na kubandika namba ya Zimamoto, ambayo kwa Tanzania ni 114, ni gharama ndogo ukilinganisha na bei watakayotoza. Gharama kubwa, kama ngazi ya pili, ndiyo inayostahili mkopo na muda, na muda huo unapungua kila wiki.

Kwa upande wao, halmashauri na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wabadili mpangilio wa ukaguzi. Waanze na gesti na makambi, wamalizie na hoteli za nyota tano. Atakayeshindwa aelezwe mapema akiwa bado na nafasi ya kurekebisha, na asiyerekebisha asipokee mgeni. Kufunga gesti wiki ya mashindano ni hasara kwa kila mtu.

Soko nalo lina kumbukumbu. Mei 2003, baada ya shambulio la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002 na hofu ya shambulio jingine, Serikali ya Uingereza ilisimamisha safari za mashirika yake ya ndege kwenda Kenya kwa wiki kadhaa. Hoteli zisizokuwa na kosa lolote zilikosa wageni pamoja na zote. Ndivyo itakavyokuwa tena: gesti moja ikiungua Arusha, atakayefuta safari hatauliza jina la gesti, atafuta nchi nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu utajengwa kwa fedha za wote.