Ndiyo ya nini?
Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri jinsi Kura ya Maoni ya Katiba Inayopendekezwa ya Tanzania ilivyopangwa Aprili 30, 2015, kisha ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR haukukamilika. Ila umeruka jambo zito: "Ndiyo" ilihitaji zaidi ya nusu ya kura Bara na zaidi ya nusu Zanzibar, kila upande peke yake. Huku Makere tulijua tarehe kuliko hilo. Wakenya nao katika kura zao za maoni za katiba walipewa alama za Ndiyo na Hapana: mwaka 2005 ndizi na chungwa, 2010 kijani na nyekundu. Alama hazikuambii ibara inasema nini.

Mimi lakini inayonitia wasiwasi ni kura ya kunyoosha mkono kwenye mkutano wa kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa serikali kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri. Ni watu wangapi hunyoosha bila kuuliza ni hekta ngapi? Ramani ya ardhi hiyo ibandikwe ofisi ya kijiji wiki nzima kabla ya mkutano, na akinamama walio shambani wasomewe pia. Ndio wanaolima.