Shabiki mmoja aliokoa filamu nzima

Kundi la Monty Python lilianza kuchekesha kwenye televisheni ya BBC, Uingereza, tarehe 5 Oktoba 1969. Vichekesho vyao vilikuwa vya ajabu: mtu anarudisha dukani kasuku aliyekufa, muuzaji anashikilia kwamba ndege anapumzika tu.

Mwaka 1978, kampuni ya EMI ilijiondoa kwenye filamu yao "Life of Brian", ikiona inakufuru dini. George Harrison, mpiga gitaa wa zamani wa Beatles na shabiki wao mkubwa, aliweka nyumba yake rehani ili itengenezwe. Sababu yake ilikuwa moja: alitaka kuitazama. Filamu ilitoka mwaka 1979.

Wachekeshaji hawakusahau. Tarehe 29 Novemba 2002, mwaka mmoja kamili baada ya kifo chake, baadhi yao walipanda jukwaa la Royal Albert Hall, London, pamoja na wanamuziki wa roki waliokuja kumkumbuka.

Wanaodhani kazi ya shabiki ni kupiga makofi tu wanakosea. Wenye mitaji huhesabu hatari kwanza. Sanaa isiyo ya kawaida huishi kwa sababu anayeipenda anakubali kuilipia, hata kama ni bei ya tiketi moja.